Michezo Mitatu ya Hadithi za Kutisha, na Mmoja wa Kwetu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze juu ya michezo ya masimulizi inayochezwa na chama chetu kila Jumamosi jioni katika darasa la Kidato cha Tatu. Nimekubali kwa furaha, maana michezo hii imeanza kuzungumzwa na watu wasioijua. Siku ya wazazi kutembelea shule, mzee mmoja alimwuliza mwalimu mlezi wa chama kama ni kweli kwamba watoto hufundishwa uchawi kwa karatasi na vijiti. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba si kweli, lakini yule mzee aliondoka akitikisa kichwa. Nadhani alistahili jibu refu zaidi, na hapa nitajaribu kulitoa. Nitaeleza michezo hiyo ni nini, nitailinganisha mmoja mmoja, kisha nitasema upi wafaa kwa wanafunzi wa shule ya bweni kama yetu, na upi haufai.

Kwanza yafaa tukumbuke tunaishi wapi. Wenzetu wa mikoa mingine wakisikia mtu atoka Sumbawanga, humwuliza kwa mzaha kama alikuja kwa basi au kwa ungo. Radi ikipiga popote, husema imetumwa kutoka kwetu. Hawajui kwamba uwanda wa Ufipa ni nchi ya juu, mji wetu ukiwa karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kwamba toka Novemba mpaka Aprili mvua zetu huja na ngurumo kwa sababu zilizomo katika kitabu cha jiografia. Jina lenyewe la mji, kama wasemavyo wazee, kwa Kifipa ni kumwambia mtu autupe uchawi wake. Yaani kibao cha mji chakataza uchawi, nao wageni hukisoma kinyume! Basi katika mji wenye sifa hiyo, kijana akisema acheza mchezo wa mizimu, si ajabu mzazi kushtuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mchezo wa namna hii hauna mpira, wala ubao, wala mshindi. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi mkuu. Yeye hueleza mahali, saa, hali ya hewa, na mambo yanayotokea. Kila mmoja wa wengine hujifanya mtu mmoja wa ndani ya hadithi, na husema mtu huyo afanya nini. Msimulizi asema, "Mlango umefungwa, na ndani kuna sauti ya mtu akitwanga." Mchezaji ajibu, "Nachungulia dirishani." Hapo ndipo kanuni huingia, kwa maana lazima pawe na njia ya kuamua kama amefaulu au ameonekana. Mchezo wa kwanza wa jinsi hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, ukatolewa mwaka 1974. Ule ni wa mapanga na majoka. Baadaye wengine walitunga michezo ya kutisha, na katika hiyo sisi tumejaribu mitatu.

Kwetu ililetwa na binamu yangu anayesoma Dar es Salaam. Alikuja likizo ya Desemba akiwa na karatasi za kanuni alizozichapisha, na muhula ulipofunguliwa nilizileta shuleni, nikamwonyesha mwalimu mlezi kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Yeye alizisoma kwa juma zima, akaturuhusu tucheze mbele yake.

Mchezo wa kwanza huitwa Call of Cthulhu. Ulitungwa na Sandy Petersen, ukatolewa mwaka 1981 na kampuni ya Chaosium. Umejengwa juu ya hadithi za H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyezaliwa 1890 na kufa 1937. Humo wachezaji ni wapelelezi. Mmoja aweza kuwa mwandishi wa gazeti, mwingine daktari, mwingine mwalimu. Kila ujuzi wa mtu huandikwa kwa hesabu ya mia. Mtu mwenye 60 katika kutafuta habari maktabani hana budi kupata 60 au chini yake kwa dadu mbili, kila moja ikiwa na nyuso kumi. Dadu hizo hatukuwa nazo. Tulichukua makopo mawili, kila kopo tukatia vipande kumi vya karatasi, toka 0 hadi 9, tukawa twachota kopo la makumi na kopo la mamoja. Mwalimu wa hesabu alifurahi, kwa sababu siku hizo sote tulielewa asilimia kuliko wakati wowote.

Jambo la pekee katika mchezo huu ni alama za akili. Kila mtu huanza na kiasi fulani cha akili timamu, na kila akionapo jambo la kutisha mno huweza kupungukiwa. Zikipungua sana kwa mara moja, huchanganyikiwa. Kwa hiyo ushujaa wa kukimbilia mbele hauna faida. Mwenye busara ni yule anayeuliza kwanza. Hadithi tuliyoanza nayo hutolewa pamoja na kanuni fupi za mchezo, nayo yahusu nyumba kuukuu katika mji wa Boston. Mwenye nyumba ataka kujua kwa nini wapangaji hawakai. Sisi tuliihamisha. Tuliiweka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye magofu ya boma la Wajerumani, ambao waliita mahali pale Bismarckburg. Kabla ya kuingia bomani wachezaji walikwenda kuuliza wavuvi, walisoma barua za zamani, walipekua daftari la mazishi. Nawaambia kweli, wavulana wawili wasiokanyaga maktaba ya shule tangu Kidato cha Kwanza walikwenda kutafuta kitabu cha historia ya Wajerumani ili wajue askari wa wakati ule walivaa nini.

Hiyo ndiyo sifa ya mchezo huu. Ila yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba hauna mwisho wa haraka. Hadithi moja yaweza kuchukua majuma manne, na katikati ya Jumamosi na Jumamosi watu hubaki nayo vichwani na kuipeleka bwenini. Ya pili yatokana na Lovecraft mwenyewe. Mtu yule alikuwa na kipaji cha kutia hofu, lakini aliwadharau watu weusi na wageni, na katika baadhi ya hadithi zake ubaya una rangi ya ngozi. Watungaji wa siku hizi wa mchezo huu wamejitahidi kuiacha tabia hiyo. Hata hivyo yafaa kila msimulizi ajiulize swali hili kabla ya kuanza: katika hadithi yangu, kitisho nimekivika uso wa nani? Nitalirudia swali hili hapo mbele.

Mchezo wa pili huitwa Dread, na ulitoka mwaka 2005. Huu hauna dadu. Mezani husimamishwa mnara wa vipande vya mbao, ule wa mchezo uitwao Jenga. Najua msomaji atashangaa kusikia neno letu katika mchezo wa Wazungu, na kisa chake ni hiki. Aliyeutunga mchezo wa Jenga, Leslie Scott, alizaliwa Afrika Mashariki na kukulia huku, akakijua Kiswahili. Familia yake ilipokaa Ghana walicheza kwa vipande vya mbao vilivyokatwa kwenye kiwanda cha mbao cha Takoradi. Mwaka 1983 aliupeleka mchezo huo kwenye maonyesho ya vinyago vya watoto mjini London, akaupa jina kutokana na kitenzi chetu cha kujenga. Kwa hiyo neno liliondoka kwetu, likazunguka dunia, nasi tumelipokea kama mgeni.

Mnara una vipande 54, ngazi 18, kila ngazi vipande vitatu. Urefu wa kipande ni mara tatu ya upana wake. Seremala mmoja wa mjini alitukatia kwa mabaki ya paini, akatutoza bei ya kanda mbili za karanga. Katika Dread kila mtu akitaka kufanya jambo la hatari, huvuta kipande kimoja kutoka chini na kukiweka juu. Mnara ukisimama, amefaulu. Mnara ukianguka, mtu wake ametoka katika hadithi. Amekufa, au amekimbia, au amepotea. Tena kuna kanuni nzuri sana. Mchezaji aweza kuuangusha mnara kwa makusudi. Akifanya hivyo, jambo alilolitaka hutimia kwa ushujaa, lakini yeye mwenyewe huondoka. Hivyo mtu aweza kujitoa kwa ajili ya wenzake.

Watu wa hadithi pia hawaandikwi kwa hesabu. Msimulizi huandaa maswali, na majibu ya mchezaji ndiyo humfanya mtu. Mimi nilipokuwa msimulizi, hadithi yangu ilihusu lori la mahindi lililoharibika usiku kwenye mteremko wa kushuka bonde la Ziwa Rukwa. Utingo nilimwuliza, "Kwa nini hukumwambia mama yako ulichokiona kisimani?" Dereva nilimwuliza, "Ni nani uliyemkataa lifti asubuhi ya leo?" Kabla hata ya kugusa mbao, wachezaji walikuwa wamekwisha nyamaza, kila mmoja akifikiri. Yule aliyekuwa utingo mwisho aliuangusha mnara kwa mkono wake ili abiria wapate kuondoka. Mbao zilimwagika sakafuni kwa kishindo, sote tukapiga ukelele, kisha tukacheka mpaka machozi. Tulikwenda kula ugali na maharage kama watu waliotoka kucheza mpira.

Mchezo wa tatu ni Ten Candles, yaani Mishumaa Kumi, uliotungwa na Stephen Dewey mwaka 2015. Huchezwa gizani, kwa mwanga wa mishumaa kumi midogo. Katika hadithi yake jua limekoma kuchomoza, na kuna viumbe vinakuja. Viumbe hivyo ni vya namna gani, hapana ajuaye mpaka mchezo wenyewe uamue. Kila mara mambo yakiharibika mshumaa mmoja huzimwa, na dadu za wachezaji hupungua. Mshumaa wa mwisho ukizimika, watu wote wa hadithi hufa. Jambo hilo lajulikana tangu mwanzo, kwa hiyo hapana anayecheza ili apone. Wacheza ili waone wataishi vipi muda uliobaki. Kabla ya kuanza, kila mchezaji hurekodi ujumbe kwa sauti ya mtu wake, na mwishoni, gizani, sauti hizo husikizwa.

Mwanga unaopungua hadithi ikiendelea si jambo jipya duniani. Katika Ujapani ya zamani watu walikutana usiku wakawasha taa mia moja, na kila hadithi ya mizimu ikiisha walizima taa moja. Nako Uswisi mwaka 1816, mvua isiyokoma ilipowafungia ndani Lord Byron na rafiki zake kando ya ziwa la Geneva, walishindana kutunga hadithi za kutisha. Katika mashindano yale Mary Shelley, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alianza hadithi ya Frankenstein, iliyochapishwa 1818. Mwaka ule ulikuwa wa baridi na njaa kwa sababu mlima wa Tambora katika Indonesia ulilipuka 1815 na kulitia anga vumbi. Basi hadithi maarufu ya Ulaya ilizaliwa na hali mbaya ya hewa, na watu waliokosa la kufanya.

Mishumaa hatukuitumia, na sisemi hili kwa kupita. Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, wakafa wasichana zaidi ya arobaini. Mwanafunzi yeyote anayesoma maneno haya aache kabisa fikira ya kuwasha mshumaa bwenini, kwa mchezo au kwa kusoma. Sisi tulichukua mawe kumi yaliyopakwa chokaa na taa moja ya sola. Jiwe likiondolewa, taa ilifunikwa kwa karatasi moja zaidi. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo ujumbe wa mwisho tuliuandika, na mwalimu mlezi akausoma. Hadithi yetu tuliiweka ndani ya meli ya Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwenye Ziwa Tanganyika. Meli iliyokaa miaka minane chini ya maji, kisha ikabeba abiria! Hapana haja ya kuongeza chumvi.

Mchezo ule ulikuwa mzuri kuliko yote, nakiri, na ulikuwa mzito kuliko yote. Mwalimu aliposoma ujumbe wa mtu aliyemwandikia mdogo wake aliyebaki bandarini, darasa lilikuwa kimya hata tukasikia mlinzi akikohoa langoni. Lakini mchezo ule huisha gizani, na baada ya giza la darasa kuna giza la njia ya bwenini, na baada yake giza la bweni. Ndugu zetu wawili waliomba kulala na taa.

Mchezo wa nne ni wa kwetu, nao hauuzwi. Ni hadithi za usiku, kando ya moto jikoni, ulezi ukiwa umekwisha sagwa na baridi ya Juni imewakusanya watu pamoja. Wengine watasema huo si mchezo, kwa kuwa msemaji ni bibi peke yake. Sikubali. Bibi yangu akisimulia habari za fisi na zimwi, wajukuu huitikia, huimba kiitikio, hubishana naye, na mara nyingi hadithi hugeuka kwa sababu ya swali la mtoto. Tena angalieni jinsi hadithi za Kiswahili zifunguliwavyo. Msimulizi huiita hadithi, na wasikilizaji huitikia kwamba ije, pamoja na uongo wake. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kabla ya neno la kwanza watu wote wamekubaliana kuwa jambo hili ni la kutungwa. Na mwishoni msimulizi husema hadithi yake imeishia pale. Hadithi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na yote miwili hufungwa kwa sauti.

Sasa niwaeleze jambo lililotufanya tuione faida ya milango hiyo. Muhula uliopita msimulizi wa zamu, mwenzetu wa Kidato cha Nne, aliendesha hadithi ya kupeleleza ya majuma matatu. Katika hadithi yake mwenye kufanya uovu alikuwa bibi kizee mwenye macho mekundu, akaaye peke yake karibu na shule. Juma la kwanza likapita. Wachezaji walizungumza bwenini, na wadogo wa Kidato cha Kwanza waliokuwa wamelala kitanda cha juu walisikia nusu. Hawakusikia mwanzo, wala hawakuambiwa kuwa ni mchezo. Kufika Jumatano kulikuwa na uvumi shule nzima kwamba bibi anayetuuzia karanga karibu na lango ni mchawi. Watu waliacha kununua. Ijumaa mtoto mmoja alimrushia jiwe. Namshukuru Mungu halikumpata.

Labda mgeni ataona ni utundu wa watoto. Sisi wa nchi hii hatuwezi kuona hivyo. Katika mikoa kadhaa ya Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya alama walizohesabiwa ni macho mekundu, ambayo huletwa na moshi wa kuni. Watu wenye ualbino wameshambuliwa, hata katika mkoa wetu wa Rukwa, kwa ajili ya imani za namna hiyo, mpaka Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwaka 1995 visiwa vya Pemba na Unguja vilishikwa na hofu ya Popobawa, aliyesemekana kuwashambulia watu usingizini. Watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto. Katika hofu ile mgonjwa mmoja wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa na watu mpaka akafa. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni ya kweli kwa namna ya kusikitisha, maana mara nyingine jambo huja kwa sababu tu lilisemwa.

Mwalimu mlezi aliposikia habari za jiwe alituchukua watatu, tukaenda kwa yule bibi. Alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, ungo wa karanga mbele yake.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kununua, au mmekuja kunitazama?"

Mwalimu alimweleza yote bila kuficha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Macho haya ni moshi," alisema. "Nimepika miaka hamsini. Nimepikia watoto, nimepikia misiba, nimepikia hata harusi ya huyo baba mkuu wenu wa bweni. Mtu akitaka kujua macho yangu yamekuwaje, aje apulize moto wangu asubuhi moja."

Kisha akauliza, "Haya, na karanga hizi zilizolala tangu Jumatano, nani atazila?"

Mwalimu alizinunua zote. Jumatatu yake, gwaride la asubuhi, alisimama mbele ya shule nzima akaeleza hadithi ile ilivyotungwa, na nani aliitunga, na kwamba imekwisha. Kisha akala karanga moja mbele yetu. Watu walicheka, na ule uvumi, ambao ulikuwa umekua kwa siku nne, ulikufa kwa dakika tano. Nafikiri ulikufa kwa sababu hatimaye mtu aliufungia mlango kwa sauti.

Chama chetu kilikutana siku ile ile, tukaandika kanuni tano, ambazo tumezibandika ukutani. Ya kwanza, kila mchezo ufunguliwe kwa kuita hadithi, na wote waitikie. Ufungwe kwa kusema imeishia hapa. Ya pili, mwovu wa hadithi asiwe mzee, wala mlemavu, wala mtu mwenye ualbino, wala mtu wa kabila au dini fulani, wala mtu anayefanana na mtu yeyote tunayemfahamu. Ya tatu, hadithi imalizike siku ile ile, kabla ya kengele ya chakula. Ya nne, habari za mchezo zisizungumzwe bwenini taa zikizimwa. Ya tano, mchezaji yeyote akiinua mkono, msimulizi aache jambo lile mara moja, na asiulizwe sababu.

Wengine waliogopa kwamba kanuni ya pili itaondoa ladha. Imekuwa kinyume. Kumfanya bibi kizee kuwa mchawi ni kazi ya mvivu, kwa maana hofu ile imekwisha tengenezwa na wengine, na msimulizi aiokota tu. Tangu kanuni ile iwekwe tumepata kivuli kinachotangulia mwenyewe, kisima kinachojibu swali la jana, na abiria wa ziada katika basi la Mpanda ambaye kila mtu adhani ni ndugu wa mwingine. Huyo wa mwisho alinitisha mimi, na hana macho mekundu.

Sasa nitoe hukumu yangu. Kwa kufundisha utafiti na hesabu, Call of Cthulhu wapita yote, lakini uchezwe kwa hadithi fupi, na Lovecraft asiigwe dharau zake. Kwa kugusa moyo, Ten Candles ni wa kwanza, lakini si wa shule ya bweni, na kwa hakika si kwa watoto wa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Wakubwa waucheze mchana likizoni, na mawe yatumike badala ya mishumaa. Kwa shule yetu nachagua Dread. Vifaa vyake hupatikana kwa seremala yeyote, hauhitaji umeme, humalizika kwa saa mbili, na mwisho wake husikika na kila mtu. Mnara ukianguka hapana anayeweza kudhani kwamba hadithi ingali yaendelea. Hata hivyo Dread nao haukuwa kamili mpaka tulipouongezea kuitana na kuitikiana kwa bibi zetu, ambako watungaji wake hawakukuweka.

Kwa mzee aliyeuliza kama twafundishwa uchawi, jibu langu ni hili. Mzee wangu, mchawi wa uvumi hana mwanzo wala mwisho, na hapana anayekiri kwamba alimtunga. Sisi twajifunza kutunga kitu cha kutisha tukijua tumekitunga sisi, tukiweka majina yetu juu yake, na kukivunja mbele ya watu kabla ya chakula. Kijana aliyekwisha kufanya hivyo mara ishirini, siku akisikia sokoni kwamba bibi fulani ametuma radi, nadhani atauliza kwanza: nani aliyeisimulia, ilianzia wapi, na nani atanufaika?

Chama hukutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Wazazi wanakaribishwa kuja kutazama, na anayependa kuvuta kipande tutampisha. Karanga huuzwa langoni.